Jina na kipakizi chake: namna programu za wavuti za Java zinavyosimikwa kama moduli katika kontena

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu za wavuti zilizotungwa kwa lugha ya Java zinavyoweza kugawanywa katika moduli, na jinsi moduli hizo zinavyosimikwa ndani ya kontena moja bila kugombana. Kwa mtazamo wa kwanza jambo hilo ni la wahandisi peke yao. Hata hivyo kiini chake kinawahusu pia wanafunzi wa lugha, kwa kuwa ugumu wake mkubwa ni ugumu wa majina. Ndani ya mashine ya Java, kama ndani ya jamii ya wasemaji, jina moja laweza kutaja vitu viwili, na asiyejua jina limetoka wapi hawezi kujua limetaja nini.

Chukuliwe mfano wa chuo kinachotumia programu moja ya wavuti kwa kazi tatu: uandikishaji wa wanafunzi, malipo ya ada, na utangazaji wa matokeo. Siku ya kutangaza matokeo, kosa dogo laonekana katika hesabu ya ada. Ikiwa kazi hizo tatu zimeshonwa pamoja, kulisahihisha kosa hilo ni kuizima programu yote: mwanafunzi anayetazama alama zake anakatiwa katikati, na karani anayeandikisha anapoteza fomu aliyoijaza nusu. Ikiwa kila kazi ni moduli, yatosha kuiondoa ile ya ada, kuweka nyingine mahali pake, na kuziacha mbili zilizobaki zikiendelea. Hiyo ndiyo ahadi ya moduli. Bei ya ahadi hiyo ndiyo mada ya kurasa hizi.

1. Istilahi za msingi

Lugha ya Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Programu iliyotungwa kwa lugha hiyo ni mkusanyo wa klasi. Neno klasi limechaguliwa hapa kwa makusudi, ili lisichanganywe na ngeli ya sarufi wala na darasa la shule. Klasi ni kielezo cha aina fulani ya kitu: hueleza kitu hicho kina sifa gani na chaweza kutenda nini. Kila klasi ina jina kamili, kwa mfano chuo.ada.Risiti, ambamo sehemu ya mwisho ni klasi yenyewe na sehemu zinazotangulia hutaja kifurushi kinachoibeba. Maktaba ni mkusanyo wa klasi zilizokwisha kutungwa na wengine, ambazo mtungaji huzitumia badala ya kuanza kila kitu upya.

Kiunzi cha wavuti ni maktaba ya aina ya pekee. Katika maktaba ya kawaida, programu ya mtungaji ndiyo inayoita, na maktaba ndiyo inayoitika. Katika kiunzi mambo hugeuka: kiunzi ndicho kinachopokea ombi lililotoka katika kivinjari, kikachagua klasi ya kulishughulikia, kikaiita, kisha kikarudisha ukurasa. Mtungaji hujaza nafasi zilizoachwa wazi, kama fundi anayejaza udongo katikati ya fito zilizokwisha kufungwa. Struts, iliyoanza mwaka 2000, Spring, na Wicket, iliyokuwa mradi kamili wa Apache mwaka 2007, ni viunzi vya namna hiyo. Msomaji aikumbuke sifa hii, kwani ndiyo itakayoleta taabu baadaye: kiunzi kinaziita klasi ambazo watungaji wake hawakuzijua kabisa walipokitunga.

Kontena ni programu inayokaa katika seva ikizipokea programu nyingine ndani yake. Ndilo linalosikiliza mtandao, likajua kila ombi limekusudiwa programu ipi, na likaamua programu ianze lini na ikome lini. Tomcat, ambayo Sun iliikabidhi kwa taasisi ya Apache mwaka 1999, ni mfano unaojulikana sana. Kipakizi, hatimaye, ni sehemu ya mashine ya Java ambayo hupewa jina la klasi, ikaitafuta klasi hiyo, na kuiingiza katika kumbukumbu ya kompyuta. Jina lenyewe ni maandishi tu, mpaka kipakizi kikipatie kitu kinachotajwa.

2. Sanduku lililofungwa

Mwaka 1999 kanuni za Java ziliweka umbo moja la kusafirishia programu ya wavuti, yaani faili ya WAR. Faili hiyo ni sanduku. Ndani yake mna kurasa, picha, na folda iitwayo WEB-INF, ambamo zimewekwa klasi za programu pamoja na maktaba zote inazozihitaji. Msimamizi wa seva hulikabidhi sanduku kwa kontena, nalo kontena hulipatia kipakizi chake lenyewe. Kipakizi hicho, katika Tomcat kwa mfano, hutafuta kwanza ndani ya sanduku lake kabla ya kuuliza nje, isipokuwa kwa klasi za Java yenyewe.

Utaratibu huu una hekima yake. Programu mbili zinazokaa katika kontena moja zaweza kutumia matoleo mawili tofauti ya maktaba ile ile, na hakuna itakayoisumbua nyingine. Kila mmoja anakula chakula alichojipikia. Msimamizi hahitaji kujua kilichomo, naye mtungaji ana hakika kwamba alichokijaribu nyumbani ndicho kitakachotenda kazi kwenye seva.

Lakini sanduku lililofungwa ni zito, na tena ni la siri. Programu kumi zinazotumia maktaba moja huibeba mara kumi, nayo hupakizwa kumbukumbuni mara kumi. Jambo hilo laweza kuvumiliwa. Lisiloweza kuvumiliwa lilidhihirika Desemba 2021, ilipotangazwa kwamba maktaba iitwayo Log4j, ambayo kazi yake ni ya unyenyekevu tu, kuandika kumbukumbu za matukio, ilikuwa na kosa la kutisha: mtu wa mbali aliweza kutuma maandishi fulani, na maktaba ilipoyaandika, seva ikatii amri za mgeni huyo. Dawa ilitolewa upesi, na matoleo yaliyosahihishwa yakafuatana ndani ya mwezi huo huo. Tatizo lilikuwa ni kujua maktaba yenyewe iko wapi. Ilikuwa imefichwa ndani ya masanduku, na mara nyingine ndani ya faili zilizo ndani ya masanduku, kwa matoleo mbalimbali, katika programu ambazo wasimamizi wake hawakuwa na habari kwamba wanayo. Iliwabidi wafungue moja baada ya moja. Hapo ndipo hoja ya kuigawana maktaba moja iliyo mahali pa wazi inapopata uzito.

3. Bunda na hati yake

Wazo la kuigawa programu katika moduli halikuanza na Java. Mwaka 1972 David Parnas alikwisha kuonyesha kwamba mgawanyo mwema haufuati hatua za kazi. Kila moduli huficha uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, na huonyesha nje mambo machache tu ambayo wengine waweza kuyategemea. Kwa kipimo hicho, sanduku la WAR linaficha vema lakini halionyeshi kitu. Faili ya kawaida ya maktaba, kwa upande wake, huonyesha kila kitu: klasi yoyote ya wazi iliyomo yaweza kuitwa na yeyote.

Jibu lililokamilika zaidi kwa Java lilitoka kwenye umoja wa OSGi, ulioanzishwa mwaka 1999. Hapo mwanzo waanzilishi wake walifikiria vifaa vidogo vya nyumbani vinavyounganishwa na mtandao, ambavyo hupokea programu mpya bila mwenye nyumba kuvizima. Toleo la kwanza la kanuni zao lilitolewa mwaka 2000. Mwaka 2004 programu ya Eclipse, inayotumiwa na watungaji wa Java, ilijengwa upya juu ya kanuni hizo, na tangu hapo zikaenea katika seva. Miaka ya karibuni kazi ya umoja huo ilihamia katika taasisi ya Eclipse.

Katika OSGi moduli huitwa kwa neno ambalo Kiswahili kina kifani chake barabara, nalo ni bunda. Bunda ni faili ya Java ya kawaida iliyoongezewa hati. Kama vile hati ya shehena inavyoeleza mzigo wa meli kabla haujashushwa bandarini, hati ya bunda hueleza mambo manne: jina la bunda, toleo lake, vifurushi linavyovitoa kwa wengine, na vifurushi linavyovihitaji kutoka kwa wengine. Kisichotajwa kuwa kimetolewa hakionekani nje. Kisichotajwa kuwa kinahitajiwa hakionekani ndani, isipokuwa vifurushi vya msingi vya Java yenyewe.

Mahitaji huandikwa pamoja na mipaka ya toleo. Bunda la ada laweza kusema kwamba linahitaji kifurushi fulani kwa mipaka ya [1.2,2.0), maana yake kuanzia toleo la 1.2, nalo limo, hadi toleo la 2.0, nalo halimo. Mabano mawili ya maumbo tofauti yanabeba maana hiyo yote. Kontena huzisoma hati za mabunda yote, likalinganisha yanayotolewa na yanayohitajiwa, kisha likaunganisha kila hitaji na mtoaji wake. Bunda ambalo hitaji lake moja halikupata mtoaji haliruhusiwi kuanza. Ukali huu huwaudhi wanaoanza, lakini ni wema uliofichika: kasoro ambayo katika sanduku la WAR ingejitokeza usiku wa manane, mtumiaji alipobonyeza kitufe kisichobonyezwa mara nyingi, hapa huonekana siku ya kusimika.

4. Jina halitoshi

Yafaa sasa kuliingia fundo lenyewe. Kila bunda lina kipakizi chake. Kutokana na hayo, klasi yenye jina moja yaweza kupakizwa mara mbili, na vipakizi viwili, katika mashine moja. Je, hizo ni klasi moja au mbili? Mashine ya Java hujibu bila kusita kwamba ni mbili. Mwaka 1998 Sheng Liang na Gilad Bracha walieleza rasmi kwamba kitambulisho cha klasi katika mashine hiyo ni jozi: jina pamoja na kipakizi kilichoifafanua.

Mwanaisimu hataliona jambo hili geni. Mkazi wa Lubumbashi akisema kwamba nduguye yuko mu lupango, hakuna anayeshtuka: nduguye yuko katika ua wa nyumba yake. Neno hilo likisikika Dar es Salaam, katika lugha ya mitaani, litaleta pole na maswali, kwa kuwa huko lupango ni jela. Tahajia ni moja, matamshi ni mamoja, na hakuna kati ya wasemaji hao wawili aliyekosea. Kinacholipa neno maana yake ni neno lenyewe pamoja na jamii iliyolitamka. Kipakizi ndicho jamii ya wasemaji ya klasi.

Kwa wasemaji wa kibinadamu, kutoelewana huku huishia katika kicheko. Kwa mashine huishia katika kosa ambalo limewapotezea watungaji wengi usingizi. Bunda la ada latengeneza kitu cha klasi chuo.ada.Risiti, likakipitisha kwa bunda la matokeo. Bunda la matokeo nalo linaijua klasi chuo.ada.Risiti, ila imepakizwa kutoka katika nakala yake lenyewe. Mashine hukataa, na ujumbe wa kosa husema kwamba Risiti haiwezi kugeuzwa kuwa Risiti. Anayesoma ujumbe huo kwa mara ya kwanza hudhani mashine imepagawa. Kumbe imesema kweli, ila katika matoleo ya zamani ya Java ilitaja nusu ya kitambulisho tu, ikaacha ile nusu iliyoleta ugomvi.

Dawa ni kwamba klasi zinazovuka mpaka kati ya mabunda zitolewe na bunda moja tu, na mengine yote yaziagize kutoka huko bila kubaki na nakala. Vitu vya siri vyaweza kurudiwa kila mahali, bali vitu vya kubadilishana havina budi kuwa na chimbuko moja. Sarafu ni mfano mzuri: kila nyumba yaweza kuwa na sufuria zake, lakini sokoni ni lazima noti zitoke katika benki moja.

5. Kiunzi ndani ya kontena la mabunda

Laiti programu za wavuti zingeziita klasi moja kwa moja tu, mambo yangeishia hapo. Viunzi, hata hivyo, vina mazoea matatu yasiyopatana na hati ya bunda.

Zoea la kwanza ni kuziita klasi kwa majina yaliyoandikwa kama maandishi. Mtungaji huandika katika faili ya mpangilio kwamba ukurasa wa malipo unashughulikiwa na klasi fulani. Kiunzi husoma jina hilo na kukiomba kipakizi chake kiilete. Lakini kipakizi cha kiunzi ni cha bunda la kiunzi, na hati ya bunda hilo haiwezi kuwa imeagiza vifurushi vya chuo, kwani kilipotungwa chuo hakikujulikana. Klasi haipatikani, ingawa iko hapo hapo katika bunda la jirani. Tangu mwaka 1998 Java ina njia ya kando: kila uzi wa utendaji hubeba kipakizi chake cha muktadha, na kiunzi chaweza kukiuliza hicho badala ya chake. Ndani ya sanduku la WAR kontena hukiweka kipakizi hicho sawasawa. Kati ya mabunda mengi, nani aamue ni kipakizi cha bunda lipi? Watungaji wa Wicket walilitambua tatizo, wakaacha nafasi maalumu ambapo mwenye programu hueleza mwenyewe namna ya kuipata klasi kwa jina lake. Nafasi hiyo ndiyo hutumiwa programu inapotawanywa katika mabunda kadhaa.

Chombo kiitwacho bnd, kilichotungwa na Peter Kriens, huzichambua klasi zilizokwisha kutafsiriwa kwa mashine na kuandika hati ya bunda chenyewe. Msaada wake ni mkubwa, lakini kwa kawaida huyaona yale yaliyomo katika klasi zenyewe. Jina lililofichwa katika maandishi ya mpangilio hupita bila kuonekana, na ni juu ya mtungaji kulitaja kwa mkono.

Zoea la pili ni kupekua. Viunzi vingi vya tangu miaka ya 2000 havingoji kuambiwa: hupita katika folda na faili zote vikitafuta klasi zenye alama fulani. Upekuzi huo hudhani kwamba klasi zimo katika faili zinazoonekana kwenye diski. Ndani ya OSGi, klasi zina anwani za aina nyingine, zinazoanza kwa neno la bunda badala ya neno la faili, na mpekuzi asiyezifahamu hurudi mikono mitupu bila hata kulalamika. Programu huanza, haionyeshi kosa lolote, na haina ukurasa hata mmoja.

Zoea la tatu ni kuunda klasi mpya wakati programu inaendelea. Ili kufuatilia mabadiliko ya vitu, baadhi ya viunzi hutengeneza klasi wakili inayosimama mbele ya klasi ya mtungaji. Wakili huyo ni mtoto wa wazazi wawili: anaihitaji klasi ya mtungaji, na anazihitaji pia klasi za maktaba iliyomtengeneza. Akipakizwa na kipakizi cha bunda la mtungaji, hati ya bunda hilo italazimika kuagiza vifurushi vya maktaba ambayo mtungaji hakuwahi kuiita wala kuisikia. Watungaji wengi waliongeza mistari hiyo katika hati zao kwa kunakili tu, wasijue sababu yake.

Ili kupunguza taabu hizi, mwaka 2010 kanuni za OSGi kwa seva ziliongeza umbo la kati: faili ya WAR iliyopewa hati ya bunda. Ndani ya hati huandikwa mstari wa Web-ContextPath, unaotaja njia ya programu katika anwani, kwa mfano /ada. Bunda la namna hiyo likianza, sehemu ya kontena inayolinda lango la wavuti huiona hati, ikaisimika programu kwenye njia iliyotajwa. Likikoma, njia hufungwa. Mabunda mawili yakidai njia moja, moja huipata, na lingine hungoja mpaka la kwanza liondoke. Kwa umbo hili programu iliyozoea sanduku yaweza kuingia katika ulimwengu wa mabunda hatua kwa hatua: leo ikiwa na maktaba zake zote ndani, kesho ikizitoa moja moja na kuzigawana na wengine.

6. Kutoa na kuweka

Ahadi iliyotajwa mwanzoni ilikuwa kubadilisha moduli moja bila kuzizima nyingine. OSGi huilinda ahadi hiyo kwa kulipatia kila bunda hatua za maisha: limewekwa, limeunganishwa, linaanza, liko kazini, linakoma, limeondolewa. Msimamizi huweza kulipitisha bunda la ada katika hatua hizo huku mengine yakiendelea.

Ili jambo hilo liwezekane, mabunda hayashikani mikono moja kwa moja. Hukutana katika daftari la huduma. Bunda la ada huandikisha humo huduma ya kuhesabu deni. Bunda la matokeo huja kuiomba. Bunda la ada likikoma, jina lake hufutwa, na walioiomba huduma hupashwa habari. Adabu ya kazi hii ni moja: atumiaye huduma asiishikilie kana kwamba ni yake milele. Akiishikilia baada ya mwenyewe kuondoka, atakuwa anazungumza na marehemu. Klasi za bunda lililoondolewa hubaki kumbukumbuni maadamu yuko mtu mmoja anayezitaja, na kila ubadilishaji utaacha mzigo mwingine, mpaka seva yenyewe izirai kwa kuishiwa kumbukumbu.

Kuna jambo lingine ambalo wasimamizi wapya hulisahau. Kulipa bunda toleo jipya hakutoshi. Mabunda yaliyokwisha kuunganishwa na vifurushi vya zamani huendelea kuvitumia hadi kontena liamriwe kuunganisha upya. Amri hiyo, kwa upande wake, huyasimamisha kwa muda mabunda yote yanayolitegemea lile lililobadilishwa, na yanayoyategemea hayo. Kwa hiyo bunda la vitu vya kubadilishana, lile la sarafu, haliwezi kuguswa bila soko lote kufungwa kwa dakika chache. Hapa fundisho la Parnas hurudi kwa nguvu: kinachotegemewa na wote ni lazima kiwe kidogo na kibadilike kwa nadra, kinachobadilika mara kwa mara kikae pembeni, mahali ambapo hakuna anayekitegemea.

7. Njia nyingine

Yafaa kukiri kwamba mabunda hayakuiteka seva yote. Kampuni ya SpringSource ilitoa mwaka 2008 seva iliyojengwa juu ya OSGi kwa ajili ya kiunzi cha Spring, na mwaka 2010 ikaikabidhi kwa taasisi ya Eclipse, ambako iliitwa Virgo. Wengi waliojaribu njia hiyo waliona kwamba juhudi ya kuandika hati kwa maktaba ambazo hazikutungwa kwa ajili ya OSGi ilizidi faida waliyoipata.

Kuanzia mwaka 2013, kwa Docker, neno kontena lilipata maana nyingine: si programu inayozipokea programu za Java tena, bali ni ua uliozungushiwa programu pamoja na kila kitu inachokihitaji katika mfumo wa kompyuta. Wanaofuata njia hii huitenga kila kazi katika mchakato wake. Bunda la ada huwa programu kamili yenye seva yake, na huzungumza na nyingine kupitia mtandao. Ugomvi wa vipakizi hutoweka, kwani hakuna mashine moja ya kugombania. Lakini maktaba hurudi kubebwa mara nyingi, kama katika sanduku la kwanza, na mazungumzo yaliyokuwa ya papo kwa papo sasa yanapita katika waya unaoweza kukatika.

Java yenyewe ilipata mfumo wake wa moduli katika toleo la 9, Septemba 2017. Mfumo huo unafanana na OSGi katika kutaja kinachotolewa na kinachohitajiwa, ila hauchagui kati ya matoleo, na kwa kawaida miunganisho yake hupangwa programu inapoanza. Ulikusudiwa hasa kuigawa Java yenyewe na kuzilinda siri zake.

Hata hivyo mabunda yanaishi. Apache Karaf ni kontena linalosimika mabunda na kuyatawala kwa amri fupi. Apache Sling ni kiunzi cha wavuti kilichotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya OSGi, na ndicho kilicho chini ya bidhaa ya Adobe ya kusimamia tovuti kubwa. Mifano hii ina fundisho: mafanikio yalipatikana zaidi pale ambapo kiunzi kilizaliwa kikijua kwamba kitaishi kati ya mabunda, kuliko pale ambapo kiunzi cha zamani kilivishwa hati kwa nguvu.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba kusimika programu ya wavuti kama moduli ni kazi ya kupatanisha majina. Sanduku la WAR huepuka ugomvi kwa kuwatenga wasemaji. Bunda la OSGi huwaruhusu kukutana, kwa sharti kwamba kila mmoja ataje waziwazi anachokitoa na anachokihitaji. Nacho kiunzi huivuruga mipango hiyo kila kinapotaja jina bila kusema limetoka wapi.

Kwa chuo cha mfano wa mwanzoni, uamuzi utafuata swali moja: je, ni lazima sehemu ziingie na kutoka huku nyingine zikiendelea katika seva moja? Ikiwa hapana, sanduku moja lililofungwa vizuri, lenye orodha ya maktaba zilizomo iliyotunzwa mahali pa wazi, litatosha, na Desemba nyingine kama ile ya 2021 haitamkuta msimamizi akipapasa gizani. Ikiwa ndiyo, basi mabunda yana thamani ya jasho lake, mradi kiunzi kichaguliwe kwa kuangalia kinavyozitafuta klasi zake kabla ya kuangalia uzuri wa kurasa zake.

Kwa mwalimu wa istilahi, linabaki jambo moja la kuangaliwa. Maneno klasi, bunda, kipakizi na kontena yatafaa kadiri kila andiko litakavyosema yametumika kwa maana ipi. Kontena limekwisha kuwa na maana mbili ndani ya fani moja. Mashine ya Java hailalamiki kuhusu uwili wa namna hiyo, mradi kila jina liandamane na kipakizi chake. Na kamusi ya fani nayo haina budi kuandika, kando ya kila jina, ni nani alitamkaye.